Karata za Mama

Wekoye,

Maharagwe iko kwa sufuria, pasha. Nimempeleka Mama kwa shangazi, huko Misikhu.

Jana ulitoa Windows ndio mchezo wako wa ndege ukimbie vizuri kwa DOS, ile ya kuandika amri. Haya, unakimbia. Lakini Mama anajua kubonyeza mausi tu, na tangu tumzike Baba ni zile karata za Windows zinamtuliza. Leo asubuhi alipata skrini nyeusi. Akaandika kitu moja anajua kuandika: jina la Baba. Mashine ikamjibu kwa Kiingereza ati haitambui jina hilo. Akaniuliza kama ameharibu kompyuta ya marehemu.

~~Usiiguse tena.~~ Rudisha Windows kabla ya jioni. Diski ziko kwa kabati ya Baba.

Halafu umwambie Mama, na mdomo yako, ni wewe.

Dadako, Sellah