Nane Yenu au Nane Yetu

Bwenini, 3 Machi

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala, na kikohozi kimekuachia nafasi ya kupumua. Mimi mzima, ila hesabu za mkondo wa maji zinanitoa jasho.

Nina ombi. Chuo kinachagua wanafunzi wawili wa uhandisi waende kujifunza kwenye bwawa jipya, na kila mwombaji aandike insha: familia yake imemfundisha nini kuhusu kazi hii. Nimeandika habari za nyumba yetu. Wewe na Kiswahili chako, marehemu Bibi na lugha ya kwao, aliyokuwa akiisema jikoni tu. Nimeeleza kwamba hukuijua lugha hiyo hata neno moja, na bado mkaishi miaka arobaini na sita bila ugomvi. Nimemtia na kaka yake Bibi, Babu Saa Mbovu, aliyefungua maji saa siyo kwa kutojua Kiswahili, fundi akavunjika miguu. Nimeandika: "Hapo nilijifunza kwamba mhandisi lazima ahakikishe mtu wa chini yake ameelewa." Wenzangu wamecheka mpaka basi.

Nakala hiyo hapo. Isahihishe kwa ile kalamu yako nyekundu isiyo na huruma.

Mjukuu wako, na mchumba wako vilevile


Nyumbani, 15 Machi

Marahaba, mchumba. Nimeketi, mto mgongoni, na mama yako ananilisha uji kama anayejaza gunia.

Insha ni nzuri. Nimefuta "kwamba" nne, na umeandika "kipimo" palipotakiwa "kipenyo". Ile aya ya shemeji yangu iondoe. Inarefusha. Andika badala yake jinsi Bibi yako alivyofungua cherehani yote na kuirudisha bila skrubu kubaki, kazi ambayo mimi na shahada yangu ilinishinda.

Mkono umechoka.

Babu yako


Bwenini, 2 Aprili

Babu,

Shikamoo. Unaendeleaje? Nimeingia kumi bora! Nisamehe, lakini aya ile sikuiondoa. Mwalimu anasema ndiyo moyo wa insha. Tarehe 25 nitaisoma mbele ya wahandisi wa bwawa. Kwa nini ulitaka niifute? Unamwonea huruma Saa Mbovu? Mama anasema hata kwenye msiba wa Bibi alikaa nje kwenye benchi, akakataa kuingia ulimokuwa wewe. Mwenye kosa ndiye anayenuna!

Mjukuu na mchumba wako


Nyumbani, 11 Aprili

Mjukuu wangu,

Natumaini hujambo. Mimi siponi tena, daktari ameacha kunidanganya, na mimi naona niache kukudanganya wewe.

Lugha ya Bibi yako niliijua. Niliposa kwa lugha ile, mama mkwe akinisahihisha vitenzi mbele ya wageni.

Shemeji alikuwa mlinzi wa koki kuu ya maji kule kwenye tangi. Sisi tukisema saa nane mchana, watu wameshakula. Kwao saa huhesabiwa kuanzia katikati ya usiku, kwa hiyo nane yao ni saa mbili yetu ya asubuhi. Yeye na mimi tulikuwa na utaratibu wetu: saa zote nilimpa kwa lugha yao, kwa hesabu yao. Hatukukosana hata mara moja.

Siku moja kabla ya kujaza bomba jipya, nilimpigia simu. Mkuu wa mradi alikuwa ofisini na wageni wake. Mkuu huyo alipenda kunitania: "Mhandisi, ukianza kubwabwaja hiyo lugha ya ukweni, mabomba yenyewe yanacheka." Basi nikasema kwa Kiswahili, "Kesho fungua saa nane." Shemeji akauliza, kwa lugha yao, "Nane yenu au nane yetu?"

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikajibu, "Saa nane, bwana, husikii?" Nikakata simu, na wageni wakacheka.

Asubuhi, saa mbili yetu, shemeji alifungua kwa hesabu tuliyoizoea, na fundi bomba alikuwa bado ndani ya bomba akiunga kiungo. Maji yalimtoa kama kizibo. Hakusimama tena kwa miguu yake.

Kwenye uchunguzi nilisema, "Lugha yao mimi siijui, na yetu yeye anaibahatisha." Mkuu wa mradi alijua ni uongo, akauandika hivyohivyo. Shemeji alikuwa amesimama karibu na dirisha. Alinitazama, akangoja niendelee. Sikuendelea. Akasema, "Nilikosea saa." Dada yake alikuwa na mimba ya mama yako, na mimi ndiye niliyekuwa mume wake. Akafukuzwa kazi.

Baada ya hapo ilibidi uongo wangu uwe kweli. Bibi yako akinisemesha kwa lugha yao, namjibu kwa Kiswahili, au simjibu. Ndivyo lugha ile ilivyohamia jikoni. Hilo jina la Saa Mbovu mimi ndiye niliyelianzisha, mezani, nikawafundisha watoto kucheka. Bibi yako aliniuliza mara moja kwa nini nimebadilika. Mara ya pili hakuuliza, na hilo linaniuma kuliko uchunguzi wenyewe.

Barua hii ifanye utakavyo. Ila insha ile usiisome kama ilivyo.

Babu yako


Bwenini, 24 Mei

Babu,

Shikamoo. Natumaini unapata usingizi. Sikukuandikia wiki sita kwa sababu kila nilipoanza yalitoka matusi.

Insha niliisoma. Palipokuwa na "kaka yake Bibi" nilisema "Babu yangu", nikasimulia na ile simu ya saa nane. Hakuna aliyecheka. Mhandisi mmoja mama akaniuliza, "Na wewe, wakuu wakiwa wanakutazama, ungejibuje simu ile?" Nilianza kuisoma aya ile upya, akasema niketi. Walichagua wengine.

Juzi nilipanda basi kwenda kwao Bibi. Nilimkuta Babu yule anamwagilia miche ya vitunguu. Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Alisema moja tu: "Kwa hiyo alinisikia." Miaka yote alikuwa akijiambia labda simu ilikwaruza, swali lake halikukufikia.

Anakuja kwako Jumapili. Sikumwomba.

Mjukuu wako


Nyumbani, 3 Juni

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mwandiko ukikupa tabu, ni kwamba naandika nimelala, mama yako ameshika ubao.

Alikuja. Aliketi kwenye kiti cha Bibi yako bila kukaribishwa. Akasema, kwa Kiswahili kinachozidi changu, "Haya shemeji, nimekuja kusikia. Lakini niambie kwa ile lugha usiyoijua."

Nilikuwa nimejiandaa siku tatu. Nikafumbua kinywa, hamna kitu. Likaja neno la chumvi, likaja la kisu, basi. Nilijifanya siijui mpaka kweli siijui. Nikalia, mtu mzima mimi.

Hakunibembeleza. Alingoja, kisha akatamka neno moja polepole, nikalirudia vibaya. Akalitamka tena. Mara tano, sita, mpaka likakaa sawa. Maana yake: nilikusikia. Halafu akavaa kofia yake.

"Kwa leo hilo linatosha," akasema. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Anarudi Jumapili. Kama Bibi yako alikufundisha, niandikie upesi, herufi kwa herufi: kwao wanasemaje "nilikuonea haya mbele ya wageni"?

Babu yako