Siku Niliyoacha Kutoa Nyongeza

Jumanne, Nyasubi

Mkono wangu wa kulia hauna akili ya biashara, leo nimethibitisha.

Asubuhi niliapa. Mwalimu wa semina ya wajasiriamali alishatuambia kwamba nyongeza ndiyo inayotumaliza: mteja ananunua kopo moja la dagaa, tunamwongezea viganja viwili vya bure, gunia linaisha na faida hatujaiona. "Badilisheni fikra!" Nikabadilisha. Nikaukalia mkono.

Mpaka saa nne wateja watatu walishaondoka wamenuna, nami nikajiona tajiri.

Ndipo akaja Mama Kulwa, aliyekuwa akinibeba mgongoni nikiwa mchanga. Nikampimia kopo lake, nikafunga mfuko. Akauangalia.

"Na nyongeza?"

"Nimeacha, mama. Hii ni biashara."

Hakubisha. Alikusanya kanga yake, akapiga magoti vumbini mbele ya soko zima, akasema kwa sauti: "Shikamoo, bosi."

Mayoo! Nilifungua mfuko, nikachota kiganja cha kwanza, cha pili, cha tatu, baada ya hapo sikumbuki. Jirani yangu wa nyanya alicheka mpaka akakaa chini.

Mama Kulwa akainuka, akajipangusa magoti, akaenda zake na karibu makopo mawili. Gunia hili likiisha hivi, la pili sijui nitalinunua kwa…

Lakini si hilo linaloninyima raha. Kinachoninyima raha ni kwamba, kwa kuchanganyikiwa kule, nilimwitikia: "Marahaba."