Uzi wa Magunia na Akili za Fardosa

Liboi, karibu na mpaka

Kwako dada yangu mkubwa, Mwanasha,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kisauni, na uvimbe wa mguu wa mama umeanza kunywea. Watoto je? Na kikohozi chako? Sisi huku tu hai, na huku kwetu hilo ni jambo la kutangaza. Juzi bunduki zimelia ng'ambo ya mpaka tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mbuzi wa jirani alipigwa risasi amesimama zake anatafuna boksi. Hakupata hata kulimeza.

Ukimsomea mama, ruka mahali penye damu. Utapajua, ni pengi.

Uliniandikia nimlete Fardosa Mombasa, ati mtoto akishapigwa kichwa namna ile hasomi tena, heri akae ndani apepete mchele na shangazi zake. Nimekusoma nikachemka kama sufuria. Lakini wewe ni mkubwa wangu na ulisema kwa huruma, basi kaa kitako nikueleze jinsi mwanangu alivyorudi kwa uzi na sindano.

Ile siku ya kisimani uliisikia juujuu tu. Jenereta ilikuwa mbovu, maji yanatoka kwa kudondoka, na ngamia wa koo mbili wakakutana kwenye birika moja. Vijana walianza kwa matusi, wakaja kwenye fimbo, na fimbo zilipovunjika wakazigeuza bunduki wakapigana kwa vitako. Fardosa alikuwa na jerikeni yake anangoja zamu. Kitako kilichokuwa kikimtafuta binamu yake kilimpata yeye, juu ya sikio. Niliusikia ule mlio, dada. Ni kama nazi inapogongwa na panga. Damu iliingia birikani na ngamia wakaendelea kunywa.

Yule kijana aliyempiga ana urefu wa mlango, na mimi kimo changu unakijua. Nilimrukia hivyohivyo. Nilimng'ata kiganja mpaka meno yangu yakakutana, akaiachia bunduki akilia kama ndama. Mpaka leo kidole chake hakikunjiki. Liboi nzima wananiita Mama Meno, na wakiniita naitika.

Hospitali ya Garissa walimshona, wakamlaza, wakanirudishia. Alikuwa anatembea na anakula, lakini Fardosa mwenyewe hakuwemo. Mtoto aliyekuwa akiwapita wavulana wote darasani, na hilo sisemi kwa kuwa ni wangu, mwulize yeyote, sasa ukimtuma chumvi anasimama katikati ya njia hajui anakwenda wapi. Maneno yalimponyoka. Na hasira, dada! Alinirushia sufuria ya uji wa moto, kovu ninalo kifuani. Alimpiga mwenzake darasani kwa kibao cha kuandikia, jino likaruka. Mwalimu mkuu akaniita.

"Mama Fardosa, mimi sina chuki nawe. Lakini huyu si wa shule tena. Ataua mtoto wa mtu."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyempa zawadi mwaka jana!"

"Yule niliyempa zawadi siye huyu," akasema, akaangalia pembeni.

Nikatoka pale nimemshika mkono mwanangu, namvuta na yeye ananipiga mateke, na nikaapa mbele ya lango kwamba atalipita tena akiwa na daftari.

Sasa nikutajie mtu mmoja, na mama umtajie amwombee dua. Anaitwa Halimo, mkimbizi wa Kismayu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kule kwao alikuwa akifundisha wasichana kazi za mikono, mpaka walipomchomea nyumba na kumwulia mume mlangoni. Alivuka mpaka na kanga moja na sindano ya kufumia aliyoificha kwenye nywele. Huku hakuna sufu, basi yeye anafumua magunia ya msaada, anatoa nyuzi, anafuma mikoba. Alimtazama Fardosa siku nyingi. Siku moja akachukua spoki ya baiskeli, akaipinda ncha na kuisugua juu ya jiwe, akaja nayo.

"Abaayo, dada yangu, niachie hii msichana asubuhi-asubuhi."

"Atakutoboa jicho na hiyo spoki, Halimo."

"Mimi nimeona bunduki, nitaogoba spoki?"

Nikamwuliza kufuma kutasaidia nini kichwa kilichopasuka. Akanifafanulia vizuri kuliko redio. Aliniambia kichwa ni kama njia ya lori ya kwenda Dadaab: mvua ikiivunja, dereva hakai kulia, anakata njia nyingine pembeni, na akiipita kila siku inakuwa njia kweli. Kufuma, akasema, mkono wa kulia una kazi yake na wa kushoto una yake, jicho linafuata, na moyoni unahesabu vitanzi usije ukapoteza. Vyote kwa pamoja, tena na tena. Kule shuleni kwake watoto wasioweza kukaa chini aliwapa uzi kwanza, kitabu baadaye.

Mwanzo ulikuwa vita. Fardosa alizikata nyuzi kwa meno, akamchoma Halimo mkononi mpaka damu ikachuruzika, na Halimo akajifunga kitambaa akasema, "Haya, tena." Kila asubuhi, tena. Baada ya muda akashika mnyororo, vile vitanzi vya mstari mmoja vinavyofuatana. Alifuma mnyororo mrefu wa kuzunguka nyumba, basi, hana kingine. Mimi nilimsifu kama aliyefuma zulia la Msikiti Mkuu.

Kisha likatokea jambo nililolilia. Alikuwa akifuma duara, akasimama, akatazama nyuma, akaniita mama kwa Kisomali, "Hooyo, nimeruka kimoja." Akafumua mwenyewe. Hakurusha wala hakung'ata. Mtu anayejua alipokosea, dada, huyo ana akili! Baada ya hapo mambo yakafuatana. Alihesabu vitanzi viwiliviwili, kisha vitatuvitatu, na Halimo akamwonyesha kwamba hiyo ndiyo hesabu ya kuzidisha aliyokuwa ameisahau. Jicho lililozoea kufuata safu likaanza kufuata mistari ya kitabu. Alianza kunisomea maandishi ya magunia, kisha juzuu yake ya chuoni. Na hasira ikija, nilikuwa naona mikono yake inatafuta sindano kabla haijatafuta sufuria.

Hapo ndipo ndugu za mume wangu walipoleta balaa.

Huku mtu akijeruhiwa, wazee wa pande mbili hukaa, na upande uliopiga hulipa diya kwa ngamia. Kwa kovu unalipwa kidogo. Kwa mtu aliyepotewa na akili ni kundi zima. Na kundi lile Abdi wangu alilihitaji, sikufichi. Majambazi walimchomea lori njia ya Dadaab, yeye mwenyewe alitoka kwenye moto nywele zinawaka, na tangu hapo hana kazi. Basi kaka yake, Adeer Yusuf, yaani ami Yusuf, akaja na fimbo yake na kauli yake.

"Siku ya wazee, hii mtoto ifichwe hiyo nyuzi. Ikae kimya. Ni waalan, imekwisha."

Waalan ni kichaa. Mbele ya mtoto mwenyewe!

"Na akishaitwa kichaa mbele ya koo mbili," nikamwuliza, "nani atamfuta hilo jina? Shule itamchukua? Mume je?"

"Wewe mwanamke wa Mombasa, hujui ngamia."

"Ngamia nawajua. Mmoja amesimama mbele yangu."

Aliniinulia fimbo, Abdi akaidaka. Wakashikana makoo mume wangu na kaka yake pale uani, wakaangusha jiko, makaa yakasambaa, mkeka ukashika moto. Mpaka majirani wakawatenga. Lakini Abdi alipotulia hakunitazama. Alisema tu, "Mama Fardosa, mimi nitalisha watu na nini?" Nikainama nikaanza kuokota makaa, dada. Hilo nakuambia wewe tu.

Siku ikafika. Wazee walikaa kwenye uwanja wa lojingi, chini ya bati, wanaume wengi kuliko viti, na kila mmoja na fimbo au kitu kizito zaidi chini ya shuka. Yule kijana wa kidole alikuwepo, akaniona akaficha mkono. Adeer Yusuf akasema maneno marefu kwamba mtoto amekwisha. Fardosa alikuwa nyuma na wanawake. Nilikuwa nimeambiwa ninyamaze. Dada, wewe umenilea, umewahi kuniona nimenyamaza?

Nilimshika mkono nikamwingiza katikati, na mkoba wake aliofuma nusu, wenye ua katikati, na spoki yake. "Huyu hapa. Mwangalieni wenyewe."

Kelele! Wa upande wetu wanasema toa huyo mwanamke. Wa upande wa pili wamefurahi, maana mtoto mzima kwao ni kulipa ngamia wachache. Mzee wao mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina akapaza sauti, "Mashaallah! Hii msichana iko na akili mingi! Tazama kazi yake!" Yaani adui ndiye anamsifu mwanangu, na ami yake anaapa kwa Mungu kwamba ni mwendawazimu.

"Mwulizeni jina lake!" Adeer akanguruma.

Wakamwuliza. Fardosa hakusema neno. Macho yakamtoka, nikaona ile siku ya kisimani inamrudia usoni. Adeer akaona nafasi. Akampokonya mkoba, akashika uzi akauvuta kwa nguvu, safu zikafumuka mbele ya watu wote, akamtupia miguuni. Alitaka mtoto apige yowe. Alitaka ang'ate. Nami pia nilijua ataruka, nikajikaza kumshika.

Mwanangu aliinama akauokota. Akaugeuza, akatafuta mahali palipobaki pazima, akatia sindano kwenye kitanzi kabla hakijakimbia. Akakaa chini palepale kwenye vumbi akaanza kufuma, akihesabu vitanzi kwa midomo. Ndipo akainua uso.

"Naitwa Fardosa Abdi," akasema. "Adeer, umeharibu safu za pembeni tu. Ua la katikati bado lipo."

Yule mzee wa hina akapiga fimbo chini akasema shauri limekwisha. Na Adeer, kwa aibu, akainua yake juu ya kichwa cha mtoto, kichwa kilekile. Dada, chupa ya chai ilikuwa karibu nami, imejaa. Sikumbuki kuinyanyua. Nakumbuka kioo cha ndani kilivyovunjika usoni pake, na chai na damu vikashuka pamoja kwenye shati lake jeupe. Koo mbili zilizokuja kugombana zilijikuta zimeungana kunitoa mimi mikononi mwake na yeye mikononi mwangu. Nina ubavu mmoja unauma nikicheka. Yeye ameshonwa kidevu.

Wazee wakatamka wote, wa huku na wa kule: mtoto ana akili zake. Walilipa ngamia jike mmoja na mbuzi kwa ajili ya kovu.

Abdi hakusema nami siku nyingi. Anakula, anatoka. Nikadhani ananiandikia talaka. Jumatatu shule ilipofunguliwa aliamka, akavaa shati la Idi, akamshika Fardosa mkono, mimi nikawafuata nyuma. Mwalimu mkuu akatujia langoni amenyoosha kiganja kama askari wa kizuizi.

"Bwana Abdi, tulishasema, huyu hawezi..."

"Mwalimu, wewe umesikia hukumu ya wazee?"

"Nimesikia."

"Wamesema hii mtoto iko na akili. Mimi nimepoteza kundi nzima ya ngamia kwa hiyo neno!" Sauti yake ilifika sokoni. "Wewe ukisema haina akili, basi hiyo ngamia utanilipa wewe. Leo. Hapa. Ama umfundishe."

Mwalimu alimtazama, akanitazama mimi na meno yangu, akasogea pembeni. Fardosa akapita. Abdi akasimama pale langoni mpaka kengele ikalia, kisha akaniambia, maneno yake ya kwanza tangu siku ile, "Twende nyumbani, nina njaa."

Basi nisalimie mama, umbusu mikono. Msalimie shemeji, na binti yako aliyeolewa Likoni, na mjomba muuza samaki, na yule jirani aliyesema nimeolewa porini, yeye msalimie mara mbili, umwambie mtoto wa porini ameingia darasa la nne. Watoto wako wape sindano na uzi, hata wakiwa wavulana. Halimo anakusalimu, hakujui lakini anakusalimu.

Mdogo wako akupendaye, mwenye ubavu mmoja mbovu na binti mmoja mzima,

Saumu, mama wa Fardosa