Viti Sita vya Tonton Saidi

Kisangani

Mama mpendwa,

Nakusalimu, na kabla ya yote nauliza habari ya magoti yako, maana kwa simu huniambii ukweli. Sisi huku hatujambo. Mariamu anapika, watoto wanasoma, na mimi bado niko kwenye ofisi ya ardhi, naandika mipaka ya viwanja vya watu wengine.

Nasikia umeambiwa nimekonda, na shangazi zangu wamesema Mariamu ananinyima chakula. Waache na maneno yao. Nina ugonjwa wa sukari. Nilikuwa nakunywa karibu ndoo ya maji kwa siku, na Mariamu akaona sisimizi wamejaa nyuma ya choo, pale nilipokojoa. Daktari akanipa vidonge, akanikataza sukari kwenye chai, akaniambia nikimbie. Kilichoniudhi zaidi ni ile chai.

Basi nakimbia. Asubuhi naenda hadi karibu na kambi ya wanajeshi ya Kapalata, narudi. Siku ya kwanza, mama mmoja muuza mikate aliponiona tu akaanza kufunga meza yake.

"Papa, iko nini kule kambini? Tukimbie na sisi?"

"Hakuna kitu, mama. Ni docteur alisema nikimbie."

"Docteur? Bon. Alors ukipita hapa, sema 'hakuna kitu' kwa nguvu, batu basikie. Sisi tukiona mutu mukubwa anakimbia, hatungoje sababu."

Tangu siku ile nikimkaribia napaza sauti: hakuna kitu! Wananicheka, nami nimezoea. Sasa naenda na kurudi bila kusimama.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya mbio. Mwezi uliopita nilivua kiatu nyumbani nikakuta soksi ina damu. Msumari ulikuwa umepenya soli, nami nilikimbia nao njia nzima bila kusikia maumivu. Daktari akasema sukari huua miguu namna hiyo, akaniuliza kama kwetu kuna mwingine mwenye ugonjwa huu. Nikasema hapana. Siku chache baadaye, nikiwa njiani, nikamkumbuka Papa.

Mama, ni wewe uliyemtoa Papa mwiba siku aliporudi kutoka shamba la mdogo wake, Tonton Saidi. Papa hakujua hata kama amechomwa. Kidonda kikakataa kupona mpaka kikamuua, na sisi tukasema mwiba ule ulitegwa. Sasa kumbuka mtungi wa maji uliokuwa kando ya kitanda chake hata kabla ya mwiba. Kumbuka na wale sisimizi wa nyuma ya nyumba, uliokuwa unawamwagia majivu. Nilimweleza daktari yote. Akasema, "Papa yako pia alikuwa na sukari. Nazani ni vile."

Hakuna aliyemroga Papa. Na aliyemtamkia Tonton neno "mchawi" kwenye matanga, mbele ya watu wote, ni mimi. Tonton alikuwa ameleta viti vyake sita vya plastiki ili wageni wakae. Aliinuka akaenda zake, viti akaviacha, na huu mwaka wa nane tunavikalia. Naona haya, Mama.

Najua utasema tuyaache, yamekwisha. Kwake hayajaisha. Naambiwa watoto wa mtaa bado wanamkimbia wakikutana naye njiani, kwa sababu ya neno langu.

Nakuja likizo hii. Msalimie dada yangu mkubwa anayekaa nawe, na mwende wote wawili mkapimwe sukari. Wasalimie pia shangazi zangu, na uwaambie Mariamu ndiye anayeniosha miguu na kuikagua kila jioni.

Tonton usimpelekee salamu zangu. Viti pia usivirudishe, wala usimtume mtu. Nitavibeba mwenyewe kichwani, vyote sita, mchana, watu wakiona. Nataka niwe na mzigo, ili hata akinifukuza nisiweze kukimbia.

Mwanao,
Ramazani