Mama Fidelis Aliniita Nimzuie Binti Yake

Jumapili, Makote. Ukungu umelala juu ya mikorosho tangu alfajiri, na baridi ya Newala imeniingia mifupani. Kwa hali ya hewa kama hii rubani hawashi hata injini. Afadhali. Leo sina moyo wa kwenda popote.

Jana nilikuwa Lukuledi, kwa mama yake Fidelis.

Fidelis alikuwa mwokoaji kwenye ndege yangu. Miaka yote niliyorusha helikopta ya wanamaji, yeye ndiye aliyening'inia kwenye waya na kushuka majini. Kazi yangu ilikuwa kuituliza ndege juu yake. Wenzetu wa pwani walitutania: Mmakonde na Mmakua, watoto wa nchi kavu, baharini wanatafuta nini?

Masika iliyopita mashua ya wavuvi ilipinduka kwenye dhoruba. Tuliwapandisha watatu. Wa nne, mzee, alikuwa amevunjika mguu. Waya ulishaanza kuchanika nyuzi, usingebeba wawili, na mafuta yalikuwa yanatuishia. Fidelis akamfunga mzee kwa mkanda wake mwenyewe, akabaki ameshika ubao. Akaniambia kwa redio ya kofia, "Nendeni, afande. Mtanikuta."

Hatukumkuta.

Tangu siku ile sijaruka. Nipo likizo, na wakubwa wamenipa nafasi ya ofisini nikiitaka.

Juzi mama yake akanipigia simu. Blandina, mdogo wake Fidelis, amechaguliwa kwenda mafunzo ya wanamaji. Mama hataki. Akaniomba nikamzuie, kwamba binti hamsikii mtu ila mimi atanisikia. Niliondoka hapa nimekusudia kufanya hivyo.

Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akatuacha uani, akaingia jikoni. Nilijua anasikiliza. Nikamweleza Blandina yote, mawimbi, waya, jinsi nilivyogeuza ndege na kumwacha kaka yake anazidi kuwa mdogo chini yangu. Nilidhani ataogopa. Alikuwa anamenya muhogo, kisu kikasimama.

"Wale wavuvi walipona?"

"Wote."

"Na yule mzee?"

"Anatembea kwa mkongojo."

Akaendelea kumenya. "Basi mimi nitakwenda, kaka."

Neno la kumkataza lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Nikamwambia ajifunze kuogelea kwanza, maana huku kwetu hatujui.

Mama alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika ndipo akanigeukia.

"Nilikuita umzuie."

"Nisamehe, mama."

"Zuhura wako ungemwambia vile?"

Zuhura ni binti yangu, yuko darasa la pili. Akisikia ndege hukimbia nje kuipungia mkono, akidhani kila ndege ni ya baba yake. Pikipiki ikasimama, nikapanda, nikaondoka.

Nafasi ya ofisini nimeikataa leo asubuhi. Siwezi kumwacha mtoto wa watu aende majini, halafu mimi nikae kitini. Nitarudi kuruka, kama mikono itakubali.

Lakini jibu la Mama Fidelis sina. Nimejaribu kumpigia, nikakata kabla haijaita.

Zuhura ningemwambia nini?