Nondo Wasio na Doa Jeupe

Mama,

Pokea salamu zangu kutoka Mbooni, ambako hata saa nne asubuhi bado nimevaa sweta.

Shangazi alinipa kazi ya kukagua mtego wa nondo shambani. Juzi niliukuta umejaa, nikatangaza kwamba ni nondo wa viwavijeshi. Jana jirani yake, Mama Mutua, akaja na pampu ya dawa mgongoni, tayari kupulizia mahindi pamoja na maharagwe yaliyochanua. Nyuki wa Shangazi walikuwa humo humo kwenye maua.

Nikamwaga nondo kwenye sinia niwaangalie tena. Mtego huu hunasa madume tu, na nondo dume wa viwavijeshi ana doa jeupe kwenye ncha ya bawa. Hawa walikuwa na rangi ya nyasi kavu tu, bila doa. Ni wa ukoo mmoja, lakini si wao.

Nikamgeukia Mama Mutua. "Nilikosea," nikasema.

"Si ni wewe ulitutisha juzi?" Mama Mutua akauliza.

"Ni mimi. Samahani."

Akakagua mahindi mche kwa mche, asione hata jani moja lililotobolewa. "Haya, daktari wa nondo, nishushie hii pampu, inanivunja mgongo!" Yeye na Shangazi wakacheka, nami nikacheka kuwashinda.

Nyuki wako salama. Nakukumbatia wewe na wadogo zangu. Wiki hii usiniombee tena ujasiri, Mama; jana niliupata wa kukiri kosa. Tuombee mvua.

Mwanao,
Mumbua