Inanuka au Inanukia

Nyumbani,
Jumatano, tarehe 12 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi. Miguu inaendeleaje, na daktari wa masikio amesemaje? Mimi ni mzima, isipokuwa usingizi. Barua hii nimempa jirani yangu, dereva wa basi, nikamwapisha aiweke mkononi mwako wewe, si kwa mtoto. Nimepiga simu mara nne tangu juzi. Kwa kuwa husikii vizuri, simu yako anaishika binti yangu, na kila mara ananiambia shangazi amepumzika.

Wifi, ni habari ya ile kompyuta aliyokuja nayo kwako likizo hii. Ni ya mtumba, nilimnunulia kwa ajili ya chuo. Ilipofika ilinuka sigara na uvundo wa kabati; ukiiwasha, feni yake inakupulizia usoni kama mvutaji aliyekaa karibu nawe. Nilifuta vitufe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, nikaianika kivulini, kisha nikaifungia siku tatu kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vipande vya mkaa nilivyovizungushia gazeti. Mkaa unanyonya harufu. Sigara ikaondoka.

Ikabaki nyingine chini yake. Tamu, kali kidogo, kama thina.

Unamjua kaka yako. Miaka ishirini ya kupaka magari rangi. Hata akioga mara mbili, thina ipo shingoni. Alikuwa akisema, "Mke wangu, mimi sizeeki, nachuja rangi tu." Baada ya mazishi sikujua mikono yangu niifanyishe nini, nikafua kila nguo yake, hadi kofia. Nikasuuza mara tatu. Mtoto alizinusa moja moja kwenye kamba. Tangu siku ile hapakuwa na harufu ya baba yake popote ndani ya nyumba.

Basi alipoinamia ile kompyuta akaniita, "Mama, njoo. Baba huyu hapa." Nami nikainama, nikalia. Sikuifuta tena.

Hapo ndipo tulipokosea. Mtoto alikuwa amempigia fundi, yule tunayemwita Miwani, amuulize dawa ya harufu. Miwani akamuuliza, "Inanuka au inanukia?" Akajibu, "Inanukia." Miwani akacheka: "Ikinuka ilete, ikinukia niiteni harusini!" Wakaishia hapo.

Juzi, mtoto akiwa ameshafika kwako, nilikutana na Miwani nikamsimulia kwa furaha. Nilipotaja thina hakucheka. Akauliza kama mfuniko wa kompyuta unafunga sawasawa. Nikakumbuka kwamba ulikuwa haufungi, na sehemu ya vitufe ilikuwa imeumuka katikati kama mkate. "Mama," akasema, "hiyo ni betri. Imevimba na inavuja. Ikipasuka ni moto."

Nilimwambia mtoto kwenye simu. Akanijibu kwamba huilaza kitandani, chini ya blanketi, harufu isiishe. Nikamsihi. Akasema, "Mama, wewe ulishamfua baba mara moja. Hii niachie." Akakata.

Kwa hiyo, wifi, ukisoma hapa inuka uende chumbani kwake. Ukiikuta ya moto, au inatoa moshi au sauti, usiiguse. Mshike mtoto mkono mtoke nje. Ikiwa imetulia, chomoa chaja. Asiiwashe, msiibonyeze, msiitoboe. Ibebeni taratibu hadi uani, muiweke juu ya mchanga, mbali na ukuta, ndipo umwite fundi aitoe betri. Kazi zake za chuo hazitapotea, Miwani ameniapia. Kitakachopotea ni ile harufu.

Najua atalia, na atasema maneno juu yangu. Mwache aseme, usinitetee. Nimebaki na yeye tu.

Msalimie mama mdogo utakapomwona, na yule mpwa wetu asiyeisha maneno. Mungu aishike nyumba yako mpaka dereva abishe hodi, na baada ya hapo asiiachilie.

Mkiwa salama nyote wawili, mnikumbuke.

Wako akupendaye,
Mke wa kaka yako.